Programu Iliyojengwa Tayari na Programu ya Kujijengea

Wateja wangu wengi ni watu wa mpaka. Kuna wanaoandika matamko ya forodha, kuna walimu na wauguzi, kuna wafanyabiashara wanaovuka asubuhi kwenda Ndola na kurudi jioni. Reli iliyopanda kutoka kusini ilifika hapa Sakania mwaka 1909, mwaka mmoja kabla ya kufika Lubumbashi, na tangu hapo mji huu umeishi kwa vitu vinavyopita. Ndola iko karibu nasi kuliko Lubumbashi, kwa hiyo kompyuta zinazoingia karakanani mwangu zinatoka pande zote mbili: za Zambia zina kibodi ya Kiingereza, za Lubumbashi zina kibodi ya Kifaransa, na nyingi zilishafanya kazi Ulaya kwa miaka kabla hazijatufikia. Windows iliyomo mara nyingi imechoka, haina leseni, au imejaa virusi vilivyoletwa na flashi za watu. Mwenyewe akikubali, ninaifuta na kuweka Linux, hasa ile ya Debian.

Mama mmoja anayefanya kazi ya matamko aliniletea mashine yake ili niweke vitu viwili: programu ya kuandikia hati, na draiva ya kidude chake cha Wi-Fi. Ya kwanza iliingia wakati anatafuta pa kukaa. Ya pili ilijaza kioo maandishi, mstari juu ya mstari, mpaka akauliza: "Fundi, ile umeiweka mara moja. Hii inasema nini muda wote huu?"

"Hii inajengwa, Mama. Ile ilikuja imeshajengwa."

Swali lake linastahili jibu refu kuliko nililompa, kwa sababu ndani yake kuna mega tunazonunua, umeme tunaousubiri, na watu tunaowaamini bila kuwaona.

Mtu anayetunga programu huandika kwa lugha ambayo binadamu mwenzake anaweza kuisoma, kwa mfano lugha ya C. Maandishi hayo ndiyo chanzo. Prosesa haiyaelewi hata kidogo. Yenyewe inajua amri za tarakimu tu. Katikati inakaa programu nyingine, kompaila, inayosoma chanzo na kutoa faili ambayo prosesa inaweza kuitekeleza. Sisi tunaokula bukari tunalijua jambo hili tayari. Unaweza kununua gunia la unga lililoshonwa kiwandani na kuvushwa kutoka Zambia, au unaweza kupeleka mahindi yako mashineni yakasagwe. Gunia linaokoa muda, lakini umemwamini aliyesaga. Mahindi yako unayajua, unaamua mwenyewe kukoboa au kutokoboa, ila utasubiri zamu, na umeme ukikatika utasubiri tena. Mwezi wa Agosti 2024, Zambia ilipofunga kwa siku chache mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, kila nyumba hapa ilikumbuka gunia linatoka wapi. Pakiti ya Linux ni gunia hilo, na kukompaili ni kusaga.

Mwanzoni kusaga ndiko kulikuwa njia ya kawaida. Linus Torvalds alipotoa kiini cha kwanza cha Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, kilikuwa na mistari takriban 10,000, na aliyekitaka alikichukua kama chanzo akakijenga mwenyewe. Leo kiini hicho kimepita mistari milioni 30. Watu waliona mapema kwamba mtu wa kawaida hawezi kubeba kazi hiyo peke yake. Mwaka 1993 Patrick Volkerding alitoa Slackware, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo Ian Murdock akatangaza Debian, ambako watu wa kujitolea wanagawana kazi: kila mmoja anatunza programu chache, anazijenga, anazifunga katika pakiti, anaandika pakiti hiyo inahitaji nini ili ifanye kazi. Upande wa Red Hat walikuja na pakiti zao za RPM. Halafu miaka ya mwisho ya 1990 Debian ikapata chombo kinachoitwa apt, na hicho ndicho ninachokitumia kila siku.

Nikiandika apt install na jina la programu, mashine kwanza inasoma orodha ya ghala. Inaona kwamba programu hii inahitaji maktaba fulani, na maktaba hizo zinahitaji nyingine. Inazihesabu zote, inaniambia zitachukua mega ngapi, inasubiri nikubali. Kisha inazipakua, inazifungua, inaweka kila faili mahali pake na kuandika katika daftari lake kwamba faili hii ni ya pakiti ile. Kwa sababu ya daftari hilo, siku nikitaka kuiondoa, inaondoka na vitu vyake vyote. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ina pakiti zaidi ya 64,000 za namna hiyo. Debian 13 ya Agosti 2025 inakaribia 70,000.

Kuna sehemu ya kazi hii ambayo naipenda kuliko zote, nayo haionekani. Ghala la Debian lina orodha kuu iliyotiwa saini ya kidijitali. Orodha hiyo ina alama ya hesabu ya orodha ndogo, na orodha ndogo zina alama ya hesabu ya kila pakiti. Mtu akibadilisha herufi moja ndani ya pakiti, hesabu haiendi, na apt inakataa. Maana yake ni kubwa kwa mji kama wetu: saini haijali pakiti imepita njia gani. Inaweza kupita kwenye intaneti ya simu, inaweza kupita kwenye diski iliyofungwa katika nguo ndani ya lori linalotoka Lubumbashi. Ikifika, mashine inaihakiki kwa namna ileile. Sihitaji kumwamini dereva, wala mwenye kibanda cha intaneti aliyenipakulia.

Kwa hiyo karakanani nina diski ya terabaiti moja yenye ghala zima la toleo moja la Debian, kwa prosesa za biti 64, na nafasi bado imebaki. Ilijazwa Lubumbashi, kwenye laini nzuri. Mteja akija, naichomeka, naielekeza apt isome hapo, na programu zinaingia bila kula mega hata moja. Baadaye mashine inachukua kutoka mtandaoni marekebisho mapya ya usalama peke yake. Nikiwa na la kuwaomba vijana wenye kompyuta katika miji midogo, kutoka Kipushi hadi Kasenga, ni hili: changeni mnunue diski moja ya mji. Kupakua kitu kilekile nyumba kwa nyumba kwa mega za simu ni kuchoma fedha.

Jambo jingine la karakana, kwa kuwa huliona mara nyingi. Mashine za zamani zina betri ndogo ya duara kwenye ubao, CR2032, inayotunza saa hata umeme usipokuwepo. Betri hiyo ikifa, kila ukiwasha mashine inarudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma. Hapo apt inasoma tarehe iliyo kwenye orodha ya ghala, inaona ni ya siku zijazo, inasema haijaanza kutumika, inagoma. Na anayejaribu kukompaili naye hapati nafuu, kama nitakavyoeleza. Watu huja wakisema Linux imeharibika, kumbe ni betri. Ibadilishe kwanza, rekebisha saa, ndipo uendelee.

Sasa kidude cha Mama yule. Ni Wi-Fi ya kuchomeka kwenye USB, yenye chipu 8821CU, ya aina inayouzwa sana kwa sababu ni rahisi. Mashine yake ilikuwa na Debian 12, ambayo inatumia kiini cha Linux 6.1. Uwezo wa kuitambua chipu hiyo uliingizwa katika kiini 6.2, Februari 2023, wakati Debian 12 ilikuwa tayari imeamua kubaki na 6.1. Hivyo hakuna pakiti ya kawaida iliyomfaa. Kilichokuwepo ni chanzo cha draiva, kinachotunzwa na watu wa kujitolea. Angekuwa na Debian 13, yenye kiini 6.12, kidude kingejulikana bila kuguswa.

Nilichofanya ni hiki. Niliunganisha simu kwa kebo ili mashine ipate intaneti kupitia mega za simu, maana huwezi kutumia Wi-Fi kupakua kitu kitakachoiwasha Wi-Fi hiyohiyo. Kwa apt nikaweka kompaila na vyombo vyake, vilivyo ndani ya pakiti iitwayo build-essential, kisha faili za vichwa vya kiini kinachotumika, kisha chombo kiitwacho DKMS. Nikaleta chanzo, nikaanza kujenga. Maandishi aliyoyaona Mama ni kompaila ikitaja faili moja baada ya nyingine. DKMS kazi yake ni kukumbuka: kila kiini kikibadilishwa na marekebisho ya usalama, inaijenga draiva upya yenyewe, la sivyo Wi-Fi ingekufa kila baada ya marekebisho.

Angalia jambo moja hapo. Ili nikompaili, nilihitaji pakiti kwanza. Kompaila yenyewe ilikuja imejengwa na mtu mwingine. Wanaozungumza kana kwamba njia hizi mbili ni maadui hawajatazama vizuri mikono yao inafanya nini.

Kwa programu za kawaida, mwendo wa kujenga una hatua tatu ambazo fundi yeyote wa Linux anazijua. Hatua ya kwanza, configure, inapekua mashine kuona kuna kompaila gani na maktaba zipi, na hapa ndipo wengi wanakwama: maktaba moja haipo, ukiileta inadai nyingine, na kila moja ina mega zake. Ya pili, make, ndiyo kujenga kwenyewe. Ya tatu, make install, inanakili matokeo, kwa kawaida chini ya /usr/local, mahali palipoachwa kwa ajili ya vitu ulivyojijengea.

Hicho chombo make nakipa heshima ya pekee. Stuart Feldman alikitunga mwaka 1976 katika maabara za Bell huko Marekani. Mwenzake alikuwa amepoteza asubuhi nzima akilitafuta kosa alilokwisha kulirekebisha, kwa sababu faili aliyoirekebisha haikuwa imekompailiwa upya. Basi make inalinganisha saa: ikiwa chanzo ni kipya kuliko kilichojengwa, inajenga, ikiwa kilichojengwa ndicho kipya, inapita. Feldman hakuwa akiwafikiria watu wa Sakania, lakini sisi tumefaidika sana. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi naandika make tena, nayo inaruka yote yaliyokamilika na kuendelea palipobaki. Mara nyingine faili iliyokuwa ikiandikwa wakati ule inabaki nusu au tupu. Naifuta hiyo moja, kazi inaendelea. Na hapa ndipo betri ya CR2032 inaporudi: mashine ikisahau tarehe, make haijui tena kipi ni kipya, inatoa onyo la saa, na inaweza kujenga upya vitu vilivyo sawa au kuviacha vilivyohitaji kujengwa.

Mashine nyingi zinazonifikia zina memori ya gigabaiti nne au pungufu. Programu ndogo iliyoandikwa kwa C haina shida hapo. Programu kubwa za C++ ni habari nyingine: kila kazi moja ya kompaila inaweza kutaka gigabaiti nzima au zaidi, na ukiiambia make ifanye kazi nne kwa pamoja, mashine inashikwa na kifafa. Firefox au LibreOffice sitamshauri mtu yeyote azijenge nyumbani kwa umeme wetu. Pakiti zake zipo, zimejengwa na watu makini kwa mashine zenye nguvu.

Wako vijana walioshika imani kwamba fundi wa kweli hukompaili kila kitu. Mimi sikubaliani nao. Gentoo ndiyo Linux inayojulikana kwa kujenga kila kitu kutoka kwenye chanzo. Daniel Robbins alitoa toleo lake la 1.0 mwaka 2002, na ni kazi bora, inakuruhusu kuchagua kila uwezo unaotaka na kuacha usioutaka. Lakini hata Gentoo, Desemba 2023, walitangaza ghala la pakiti zilizojengwa tayari kwa prosesa zinazotumika zaidi, ili mwenye mashine dhaifu au mwenye haraka achanganye njia zote mbili. Kasi unayoipata kwa kujijengea kwenye kazi za ofisi ni ndogo mno, haionekani. Gharama yake inaonekana. Programu uliyoijenga kwa make install haimo katika daftari la apt. Likigunduliwa tundu la usalama ndani yake, hakuna atakayekuletea kiraka. Ni wewe wa kufuatilia habari, kuleta chanzo kipya, kujenga tena, mashine kwa mashine. Nimefungua kompyuta za ofisi nikakuta seva iliyojengwa na fundi aliyekwisha kuhama mji, toleo la miaka, hakuna aliyejua kwamba iko.

Suala la kuamini ni zito zaidi, na historia haimpi ushindi mtu mmoja. Mwaka 2006 mtunzaji wa pakiti ya OpenSSL katika Debian alibadilisha sehemu ndogo ya chanzo ili kunyamazisha onyo la chombo cha kukagulia. Bila kukusudia, aliua bahati nasibu inayotumika kutengeneza funguo za siri. Jambo hilo lilitangazwa Mei 2008: kwa karibu miaka miwili, funguo zilizotengenezwa kwenye Debian na Ubuntu zilikuwa na uwezekano wa maelfu machache tu, 32,768 kwa kila aina, na adui angeweza kuzijaribu zote. Aliyekuwa amejenga OpenSSL kutoka kwenye chanzo cha wenyewe alisalimika. Aliyeamini pakiti alilazimika kubadilisha funguo zake zote.

Sasa geuza. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watunzi wa PostgreSQL, alitangaza kwamba ndani ya xz, chombo cha kubana faili kilicho karibu katika kila Linux, mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameficha mlango wa nyuma. Freund alikuwa ameona kuingia kwenye mashine kwa SSH kunachelewa nusu sekunde, akakataa kuipuuza nusu sekunde hiyo. Matoleo yaliyoharibiwa yalikuwa 5.6.0 na 5.6.1. Kinachonishtua kila nikisoma ni mahali sumu ilipowekwa: amri ya kuiamsha haikuwa katika hazina ya wazi ambako watu wanakagua mabadiliko, ilikuwa katika furushi la chanzo lililotolewa kwa ajili ya kujengea. Aliyelipakua angesema kwa dhamiri safi kwamba anacho chanzo. Tena sumu ilichagua: iliamka pale tu ilipoona inajengwa pakiti za Debian au za RPM. Waliokuwa na Debian iliyo imara hawakuguswa, kwa kuwa toleo hilo halipokei vitu vipya kwa pupa.

Ndiyo maana naithamini sana kazi waliyoianza watu wa Debian mwaka 2013 ya kuhakikisha kwamba chanzo kimoja, kikijengwa na watu wawili katika nchi mbili, kinatoa faili zilezile hadi biti ya mwisho. Ikiwa hivyo, mtu wa Lubumbashi anaweza kujenga pakiti mwenyewe na kulinganisha na ile ya ghala. Tofauti yoyote itauliza maswali.

Njia yangu iko katikati, na naiona ndiyo inayofaa miji yenye umeme wa zamu. Ninapolazimika kujenga, ninajenga mara moja, kwenye mashine yenye nguvu kuliko zote nilizo nazo, mchana wakati paneli za jua zinafanya kazi vizuri. Na silali kwenye make install. Debian wanatoa chanzo cha kila pakiti yao: amri ya apt source inakileta, apt build-dep inaleta kila kinachohitajika kukijenga, na dpkg-buildpackage inatoa faili ya .deb kamili. Nabadilisha ninachotaka, naandika namba ya toleo inayoonyesha ni ya kwangu, kisha nabeba .deb hiyo kwa flashi hadi mashine nyingine zote. Huko inaingia katika daftari la apt, inaonekana, inaondoka ikitakiwa. Nikigawa pakiti ya programu iliyo chini ya leseni ya GPL, ambayo toleo lake la pili ni la 1991 na ndilo linalotawala kiini cha Linux, natia chanzo kwenye flashi ileile. Leseni inadai hivyo, nami ningefanya hata isingedai. Faida yake tumeiona: kwa sababu chanzo cha OpenOffice kilikuwa wazi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili.

Kwa mashine za shule jambo hili limekuwa la haraka. Nyingi ni za biti 32, na Debian 13 haina tena kisakinishi kwa ajili yake. Hazijafa: zinaandika, zinahesabu, zinafundisha watoto kuchapa. Debian 12 bado inaziendesha, lakini vitu vipya havitajengwa kwa ajili yake na mtu wa mbali. Kwa hiyo nimeongeza kwenye diski ya karakana vyanzo vyote vya Debian 12, na ndani ya mashine ya biti 64 nimetenga chumba cha biti 32 cha kujengea. Kijana anayejifunza kazi kwangu ameshajenga humo toleo jipya la kihariri cha maandishi na la programu ya kufundishia kuchapa. Wiki hii anahangaika na programu ya kuchorea jiometri. Maktaba yake moja ya C++ inadai memori kuliko tuliyo nayo, na ameniomba tuazime vipande viwili vya memori kutoka kwenye mashine ya parokia mpaka Jumapili.